Sauti ya Opera katika Chumba cha Kabare

1. Chumba na umbali

Kabare ni onyesho la muziki na maneno linalofanyika mahali watu wanapokula na kunywa, jukwaa likiwa hatua chache tu kutoka mezani. Linapokuwa la mtu mmoja, mwimbaji husimama kando ya piano, pengine akiwa na mpiga besi na mpiga ngoma nyuma yake. Huimba nyimbo 12 hadi 15 kwa dakika 60 hadi 75, na kati ya wimbo na wimbo huzungumza na waliohudhuria. Hakuna pazia, hakuna shimo la orkestra, hakuna vazi la mhusika. Anayesimama pale hatambulishwi kama Carmen wala Tosca. Hutajwa kwa jina lake mwenyewe.

Mwimbaji aliyefunzwa kwa njia ya opera huingia katika chumba hicho na ufundi uliobuniwa kwa kazi nyingine. Jumba la Metropolitan Opera mjini New York huchukua watu wapatao 3,800, na mwimbaji lazima amfikie aliyekaa kiti cha mwisho cha ghorofa ya juu, bila maikrofoni, huku orkestra ya watu 80 au zaidi ikipiga kati yake na hadhira. Café Carlyle, ukumbi wa kabare ulio katika hoteli moja ya mji huohuo, huchukua watu 90 hivi. Aliyekaa mbele anaweza kuona mshipa wa shingo ukicheza.

Tofauti hiyo ya vyumba ndiyo mzizi wa suala zima. Mafunzo ya opera ni jibu la tatizo la umbali. Kabare huliondoa tatizo hilo, na ufundi wote uliojengwa kwa ajili yake hubaki bila kazi yake ya kwanza. Mwimbaji anayefaulu hautupi ufundi huo. Huupa kazi ya pili, nayo ni kulifikisha neno.

2. Kutoka Montmartre hadi Berlin

Kabare kama inavyojulikana leo ilianza Paris. Mnamo Novemba 1881 Rodolphe Salis alifungua Le Chat Noir katika mtaa wa Montmartre, mahali ambapo washairi, wachoraji na wanamuziki walikutana, wakanywa na kuonyeshana kazi zao. Ukumbi huo ulisifika pia kwa michezo ya vivuli iliyosimamiwa na Henri Rivière. Mtunzi Erik Satie alipiga piano hapo kabla jina lake halijajulikana. Salis alipohamia jengo kubwa zaidi mwaka 1885, Aristide Bruant alilichukua lile la kwanza na kulifanya ukumbi wake, akiimba maisha ya maskini na kuwatukana wateja waliolipa ili watukanwe.

Katika kumbi za burudani za Paris za wakati huohuo aliibuka Yvette Guilbert, aliyezaliwa mwaka 1865. Sauti yake haikuwa kubwa. Alivaa glovu ndefu nyeusi zilizofika juu ya kiwiko, alisimama karibu bila kusogea, na kila neno lake lilisikika wazi. Toulouse-Lautrec alimchora mara nyingi. Wafaransa walimwita msemaji wa nyimbo kuliko mwimbaji wa nyimbo, na jina hilo likawa jina la fani: wimbo hubebwa na maneno, na sauti huyatumikia. Mwalimu yeyote anayemwandaa mwimbaji wa opera kwa ajili ya kabare hurudi kwenye kanuni hiyo, hata kama hajawahi kumsikia Guilbert.

Ujerumani iliipokea kabare mwaka 1901, Ernst von Wolzogen alipofungua Überbrettl mjini Berlin. Kijana Arnold Schoenberg, ambaye baadaye angevunja misingi ya utunzi wa muziki wa Ulaya, alitunga nyimbo nane za kabare mwaka huohuo, kisha akaajiriwa katika ukumbi huo. Mkono uliozoea kuandikia orkestra na waimbaji wa muziki wa shule, yaani wa kiklasiki, uliandika nyimbo nyepesi, zenye utani na mapenzi. Hivyo uhusiano wa muziki wa shule na kabare ulikuwapo tangu mwanzo, na haukuanza na nyota wa opera waliotafuta burudani siku za mapumziko.

Kurt Weill aliupa uhusiano huo umbo lake maarufu zaidi. Alikuwa mwanafunzi wa Ferruccio Busoni na alijua vyema kuandika kwa orkestra. Lakini katika mchezo wa muziki *Die Dreigroschenoper*, aliouandaa na Bertolt Brecht na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 31 Agosti 1928, aliandikia waigizaji wanaoimba na kundi dogo la wapigaji. Mkewe Lotte Lenya, ambaye hakupitia shule ya opera, akawa kielelezo cha namna ya kuziimba nyimbo hizo. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Weill alikimbilia Paris, na mwaka 1935 alifika New York. Watunzi, waandishi na waigizaji wengi wa kabare, hasa Wayahudi, walitawanyika kama yeye, na wengine waliuawa.

3. Chumba cha New York

Nchini Marekani kabare iliota katika mikahawa, hoteli na vilabu vya usiku, na sheria ziliufuata muziki hadi mezani. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mtunzi Victor Herbert dhidi ya mkahawa wa Shanley wa New York. Mkahawa ulidai kwamba haukutoza kiingilio, kwa hiyo haukuuza muziki. Mahakama ilisema muziki ni sehemu ya kile ambacho mteja hulipia anapolipa chakula, hivyo mtunzi ana haki ya kulipwa. Uamuzi huo uliipa nguvu ASCAP, chama cha haki za watunzi kilichoundwa mwaka 1914, na hadi leo kumbi za kabare hulipia leseni ili nyimbo ziimbwe humo.

Jiji la New York lilipitisha sheria ya kabare mwaka 1926, iliyozitaka kumbi zenye muziki na dansi ziwe na kibali. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1967 hata msanii mwenyewe alihitaji kadi ya polisi ili afanye kazi. Mwimbaji Billie Holiday alinyimwa kadi hiyo baada ya kufungwa mwaka 1947, akawa anaweza kuimba katika ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall lakini si katika kilabu kidogo chenye pombe. Mwaka 1944 serikali kuu iliongeza kodi ya asilimia 30 kwa kumbi zenye waimbaji au dansi, kisha ikaishusha hadi 20. Sheria ya jiji ya mwaka 1926 ilifutwa mwaka 2017.

Katika mazingira hayo ilikua aina ya mwimbaji anayekaa karibu na wasikilizaji. Mabel Mercer, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1900 na kuimba Paris miaka ya 1930, aliishi New York akiimba ameketi kwenye kiti, mikono mapajani. Waimbaji maarufu, Frank Sinatra akiwa mmoja wao, walikwenda kujifunza kwake namna ya kukata sentensi. Bobby Short alipiga piano na kuimba Café Carlyle kuanzia mwaka 1968 hadi 2004. Mwimbaji wa opera anayeingia kabare ya New York hulinganishwa na watu wa aina hiyo. Halinganishwi na wenzake wa jukwaa kubwa.

4. Jinsi sauti ya opera inavyojengwa

Sauti ya opera hushinda orkestra kwa sababu ya mahali nguvu yake ilipo, zaidi ya wingi wa nguvu hiyo. Mwanasayansi wa Sweden Johan Sundberg alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba sauti ya orkestra huwa na nguvu nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na hupungua kadiri mitetemo inavyoongezeka. Mwimbaji wa kiume aliyefunzwa hushusha zoloto na kupanua sehemu ya chini ya koo, na hivyo hukusanya nguvu ya ziada karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Hapo orkestra ni dhaifu na sikio la mwanadamu ni kali. Sauti hupita kwenye nafasi hiyo kama mtu anayepenya uchochoroni badala ya kuparamia ukuta.

Soprano wa noti za juu hutumia mbinu nyingine. Do ya juu ya soprano hutetema zaidi ya mara 1,040 kwa sekunde. Irabu *i*, ili itambulike kuwa *i*, huhitaji mvumo wa kinywa ulio karibu na mitetemo 300. Noti ikishapanda juu ya mvumo huo, mwimbaji hufungua taya ili mvumo wa kinywa uifuate noti, na sauti hupata nguvu kubwa. Gharama yake ni irabu yenyewe. Kwenye noti za juu kabisa *i*, *e* na *a* hukaribia kufanana, na msikilizaji hawezi kuzitofautisha hata mwimbaji akijitahidi. Hadhira ya opera huvumilia jambo hilo kwa sababu maneno huwa yamerudiwa mara nyingi, au yameandikwa kwenye skrini, au yanajulikana tangu zamani.

Juu ya hayo kuna pumzi na vibrato. Mwanafunzi wa opera hutumia miaka akijifunza kuvuta pumzi kwa kupanua mbavu na kushusha kiwambo, kisha kuitoa kidogokidogo ili sentensi ndefu isikatike. Vibrato, yaani kupanda na kushuka kwa sauti mara tano hadi saba hivi kwa sekunde, huanza na noti na kuendelea hadi noti iishe. Huipa sauti uhai na huisaidia isikike. Katika jumba kubwa mambo haya yote ni ya lazima. Katika chumba cha watu 90, yote yakitumika kwa kipimo kilekile, aliyekaa meza ya mbele hujihisi anapigiwa kelele.

5. Maikrofoni na kushushwa kwa nyimbo

Badiliko la kwanza ni maikrofoni. Waimbaji wa redio na wa bendi za dansi waliizoea kuanzia miaka ya 1920 na 1930, na Bing Crosby alithibitisha kwamba sauti ya kunong'ona inaweza kujaza nchi nzima. Mwimbaji wa opera hukutana nayo akiwa na tabia inayopingana nayo: amezoea kuwa yeye mwenyewe ndiye chombo kizima.

Maiki ina sheria zake. Mdomo ukisogea kutoka sentimita 5 hadi 10, nguvu ya sauti inayoingia hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo mkono unaoshika maiki hufanya kazi ambayo kwenye opera hufanywa na mbavu. Maiki nyingi za jukwaani huongeza sauti nzito mdomo unapokuwa karibu sana, na sauti nene ya opera ikiongezewa unene huo hupoteza ukali wa maneno. Konsonanti *p* na *b* hupasuka kama puto, na *s* huchoma masikio. Noti kubwa inapokuja, mwimbaji huiweka maiki mbali au hugeuza uso kidogo. Anayesahau huwafanya wateja wakunje nyuso, na fundi wa mitambo hushusha sauti yake kwa usiku mzima.

Badiliko la pili ni ufunguo wa wimbo. Mwanamke anapozungumza, sauti yake huwa karibu na mitetemo 200 kwa sekunde. Wimbo wa kabare hushushwa ufunguo mpaka sehemu yake kubwa ikae karibu na hapo au juu kidogo tu, mahali ambapo irabu zote husikika na wimbo hufanana na maongezi. Kwa soprano hilo ni sawa na kuhama nyumba. Ile sauti ya kifua ambayo mwalimu wake alimkataza kuipandisha sasa ndiyo sebule yake, na noti za juu alizozilipia miaka mingi hubaki kabatini. Renée Fleming, ambaye alipokuwa mwanafunzi aliimba jazi na kundi la watu watatu, alitoa albamu ya *Haunted Heart* mwaka 2005 na *Dark Hope* mwaka 2010. Katika zote mbili aliimba chini kabisa ya eneo lake la opera, na msikilizaji asiyeambiwa anaweza asimtambue.

Badiliko la tatu ni vibrato. Noti huanzishwa ikiwa imenyooka, kama neno linalosemwa, na vibrato huachiwa kuja mwishoni, au isije kabisa. Ikianza mapema, wimbo huonekana umevaa suti kwenye kikao cha nyumbani.

Katika mabadiliko yote matatu pumzi haibadiliki. Mwimbaji wa shule anaweza kuvuta sentensi ndefu kwa sauti ya chini sana bila kutetereka, jambo ambalo ni gumu kuliko kuiimba kwa sauti kubwa, na wengi wasiofunzwa hawaliwezi. Hadhira haioni ufundi wowote. Husikia sentensi ikifika mwisho wake, na huielewa.

6. Mpangilio wa onyesho

Onyesho la mtu mmoja hupangwa kwa uangalifu kama tamthilia, ingawa hutakiwa lionekane kama maongezi. Wimbo wa kwanza huwa mfupi na mchangamfu, na hadhira huutumia kumzoea mwimbaji. Salamu huja baada ya wimbo huo au wa pili. Nyimbo za kuchekesha huwekwa kabla ya zile nzito, kwa sababu hadhira iliyocheka imeshalegeza mabega na jambo la huzuni huweza kuingia. Karibu na mwisho huja wimbo uliobeba uzito wa onyesho zima, kisha wa kuagana, kisha mmoja wa nyongeza.

Mazungumzo ya katikati huandikwa, hukatwa, na huhifadhiwa kichwani mpaka yasikike kana kwamba yamezaliwa palepale. Kanuni yake ni moja: yasiseme kile ambacho wimbo unaofuata utakisema. Yakimweleza msikilizaji kwamba wimbo ni wa huzuni ya kuachwa, wimbo hukosa kazi. Yakimpa jina la mji, mwaka na mlango uliofungwa, wimbo humaliza kazi yenyewe.

Waliotoka opera hukabiliwa na mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kugeuza onyesho kuwa orodha ya majukwaa waliyopita na makondakta waliofanya nao kazi. Wa pili ni kuweka aria kubwa, yaani wimbo wa peke yake kutoka opera, katikati ili kuonyesha uwezo. Aria huwafaa walioijengea sababu, mara nyingi kwa kuifanyia mzaha au kwa kuiimba kama jambo la maisha yao. Ikiwekwa kwa ajili ya makofi, makofi hupatikana, lakini nyimbo ndogo zinazofuata huonekana kama makombo.

Uhusiano na mpigaji nao hubadilika. Katika opera mwimbaji hufuata fimbo ya kondakta anayeongoza mamia. Katika kabare mpiga piano husikiliza pumzi ya mwimbaji na kumfuata, na mwimbaji anaweza kulichelewesha neno nyuma ya mdundo, au kuliwahisha, kama mtu anavyofanya akiongea. Ushirikiano wa namna hiyo hujengwa kwa miaka. Mwimbaji Barbara Cook na mpiga piano Wally Harper walifanya kazi pamoja kwa miaka thelathini hivi, hadi Harper alipofariki mwaka 2004.

Macho pia hufunzwa upya. Mwimbaji wa opera huangalia kondakta na giza la ghorofa ya juu. Katika kabare kuna nyuso na sahani, na wakati mwingine mtu anayeita mhudumu katikati ya mstari bora wa wimbo. Wimbo hupewa mtu mmoja wa meza moja, mstari unaofuata hupewa mwingine. Mikono iliyozoea ishara zinazosomeka mita 40 mbali hutulizwa, na ishara moja ndogo hutosha.

7. Waliovuka, na gharama ya kuvuka

Kuvuka hakukupokelewa vizuri daima. Helen Traubel, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1899, alikuwa soprano mkuu wa opera za Wagner katika Metropolitan baada ya Kirsten Flagstad kurudi Norway mwaka 1941. Mwaka 1953 alianza kuimba katika vilabu vya usiku, kikiwamo Chez Paree cha Chicago. Meneja mkuu wa Metropolitan, Rudolf Bing, aliona kwamba vilabu na Wagner havikai pamoja, na Traubel akaachana na Metropolitan. Miaka miwili baadaye alikuwa Broadway, katika *Pipe Dream* ya Rodgers na Hammerstein. Mzozo huo ulihusu heshima ya jukwaa kuliko sauti. Opera iliuza utukufu, na meneja aliogopa kwamba anayeonekana kati ya meza na glasi Jumamosi hataaminiwa kuwa binti wa miungu Jumatatu.

Eileen Farrell alipita njia hiyohiyo akatoka salama. Alizaliwa Connecticut mwaka 1920, akawa na kipindi chake cha redio katika CBS katika miaka ya 1940, akiimba aria na nyimbo za kawaida katika juma lilelile. Mwaka 1959 alikuwa Spoleto, Italia, kuimba *Requiem* ya Verdi. Louis Armstrong, aliyetarajiwa kutumbuiza kwenye tamasha hilo, akaugua ghafla. Farrell alichukua nafasi yake na kuimba nyimbo za blues na za mapenzi. Mwaka 1960 ilitoka albamu yake ya *I've Got a Right to Sing the Blues*, iliyopangiwa muziki na Luther Henderson, na Desemba ya mwaka huohuo aliingia Metropolitan kwa mara ya kwanza katika *Alceste* ya Gluck. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana, na alipokuwa na umri mkubwa alirudi studio kurekodi nyimbo za Kimarekani alizozipenda. Alifariki mwaka 2002.

Sababu ya kufaulu kwake husikika katika rekodi. Anapoimba blues, Farrell haigizi sauti ya mtu mwingine wala hapunguzi sauti yake kwa kuibana. Anashusha ufunguo, anaondoa vibrato, na anaweka maneno mahali ambapo mzungumzaji angeyaweka. Redio ilikuwa imemfundisha maiki kabla opera haijamfundisha jumba.

Kizazi cha sasa kinapitia mlango ulio wazi zaidi. Audra McDonald alisomea uimbaji wa kiklasiki katika shule ya Juilliard, akageukia Broadway na matamasha ya peke yake, na amewahi kurudi kwenye jukwaa la opera. Kelli O'Hara na Kristin Chenoweth walifundishwa na mwalimu mmoja, Florence Birdwell, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma City, ambako mafunzo ya opera hayakuzuia mwanafunzi kwenda kwingine. O'Hara ameimba katika Metropolitan, jumba lilelile lililoachana na Traubel.

8. Nyimbo zilizotungwa kwa sauti hizi

Mwimbaji wa shule anayetaka kabare halazimiki kuazima nyimbo zote kutoka Broadway. Ipo hazina ndogo iliyoandikwa na watunzi wa shule kwa ajili ya chumba kidogo. Zile nane za Schoenberg ni sehemu yake. Satie alitunga wimbo wa waltz wa *Je te veux*, ambao leo huimbwa na soprano wa opera kama nyongeza ya tamasha. Benjamin Britten na mshairi W. H. Auden waliandika nyimbo za kabare mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mwigizaji na mwimbaji Hedli Anderson. Nne kati yake zilichapishwa baada ya kifo cha Britten.

Mkusanyo mkubwa zaidi ni wa Mmarekani William Bolcom. Kati ya miaka ya 1970 na 1990 yeye na mshairi Arnold Weinstein waliandika nyimbo 24 za kabare, wakimfikiria mke wa Bolcom, mezosoprano Joan Morris. Piano ya nyimbo hizo si rahisi, na noti zimeandikwa kwa umakini wote wa muziki wa shule, lakini kila wimbo ni hadithi fupi yenye mhusika, tukio na mwisho. Mwimbaji asiye mwigizaji huzikuta zimefungwa hata akiimba kila noti sawasawa. Mwaka 2007 soprano wa Kanada Measha Brueggergosman alizirekodi baadhi yake pamoja na za Schoenberg na Satie katika albamu ya *Surprise*.

Nyimbo za Weill nazo zilipata sauti ya shule kupitia Teresa Stratas. Baada ya kumsikia, Lotte Lenya alimkabidhi nyimbo za mumewe zilizokuwa hazijachapishwa, na mwaka 1981 ikatoka *The Unknown Kurt Weill*. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sauti kavu na ya chini ya Lenya alipozeeka ndiyo njia pekee sahihi. Lenya mwenyewe ndiye aliyefungua njia ya pili.

9. Maandalizi na mwisho wa usiku

Anayefanya kazi zote mbili hulazimika kupanga ratiba yake kama mwanariadha. Sauti ya kifua ikitumika kwa wiki nzima bila kupumzishwa, noti za juu huwa ngumu, na waimbaji wengi huacha siku kadhaa kati ya kabare na opera ili zoloto lirudi mahali pake. Mazoezi ya kupasha sauti hubaki ya opera hata kwa onyesho dogo: kuanzia juu kwa wepesi, kushuka polepole, na kuunganisha sauti ya kichwa na ya kifua. Kisha maneno ya nyimbo husomwa kwa sauti bila muziki, kama barua, ili kuona wapi mtu angevuta pumzi kama angekuwa anaongea. Pumzi huhamishiwa hapo, hata kama noti ziliipangia mahali pengine.

Barbara Cook, aliyeimba mwaka 1956 nafasi ngumu ya Cunegonde katika *Candide* ya Leonard Bernstein, na aliyeanza maisha yake ya pili ya kisanii kwa tamasha la Carnegie Hall mwaka 1975, alikuwa na desturi inayokusanya suala zima mahali pamoja. Baada ya nyimbo zote, aliiweka maikrofoni kando na kuimba wa mwisho bila kuitumia. Ukumbi ulinyamaza, watu wakainama mbele. Kwa jioni nzima sauti ilikuwa imewaendea walipo. Sasa waliifuata wenyewe. Ufundi wa zamani ulirudi kwenye kazi yake ya kwanza, ya kuvuka umbali, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kuaminiwa, sauti haikuhitaji kuwa kubwa.